Muulize mtoto "umejuaje?"

Jamani wazazi na walimu wenzangu, kama kuna kitu kimenisumbua miaka yote ninayofundisha Kiswahili huku Kigoma ni insha za watoto wa darasa la tano. Mtoto anaandika "Dagaa wa Kigoma ni watamu. Watu wanawapenda sana. Dagaa ni wazuri." Basi, kamaliza, anakuletea daftari. Mimi nilikuwa nachukua peni nyekundu naandika pembeni "fafanua zaidi" af namrudishia, na yeye anaongeza "kwa kweli ni watamu sana sana". Nilidhani uvivu, kumbe neno fafanua halimwambii kitu, hajui aanzie wapi.

Siku hizi nauliza tu, umejuaje? Kuna binti mmoja mama yake anaanika dagaa kule Kibirizi, aliandika "Kazi ya dagaa ni ngumu" akaishia hapo. Nikamwambia funga daftari kwanza, niambie umejuaje kama ni ngumu. Mtoto akafunguka! Baba anaingia ziwani jioni anarudi asubuhi, wanawasha taa ili dagaa wafuate mwanga, mbalamwezi ikiwa kubwa hawaendi kwa hiyo siku hizo nyumbani hela hakuna, na mvua ikija dagaa wakiwa bado wameanikwa mama anakimbia kuwazoa maana wakilowa wanaharibika na bei inashuka. Nikamwambia haya, hayo hayo uliyonisimulia yaandike. Alijaza ukurasa. Mpaka leo nakumbuka alivyoandika kwamba mikono ya mama inanuka samaki hata akitoka kuoga.

Kwa hiyo aongee kwanza, peni baadaye. Hata mzazi ambaye hakusoma sana anaiweza hii jioni anasonga ugali, mtoto yuko pembeni anasoma alichoandika.

Sasa akishazoea anamwaga kila kitu. Kijana mmoja alianza "Liemba ni meli ya zamani sana", akaeleza vizuri tu, ilitengenezwa Ujerumani 1913 ikaletwa kwa vipande ikaungwa hapa Kigoma, 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha wakati wa vita, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Safi kabisa. Ila katikati kachomeka kwamba ina vyumba vya kulala na shangazi yake aliwahi kuipanda mpaka Kasanga. Sikumkatia, nikamuuliza, vyumba vya kulala ndo vimekujulisha kwamba meli ni ya zamani? Akakaa kimya kidogo, akasema hapana, akachora mstari mwenyewe. Nikamwambia usiyatupe hayo, yawekee aya yake ya safari. Hapo mtoto kashaelewa wazo kuu ni nini na sikumkaririsha maana yake hata siku moja.

Na tafadhali tusiwape mada za mbali. Mtoto ambaye hajawahi kuiona ndege kwa karibu ukimpa "Safari yangu kwa ndege" atakujazia maneno matupu, sasa mpe mawese, anajua chikichi zinachemshwa, zinatwangwa, mafuta yakienguliwa moto yana rangi gani, ukimuuliza umejuaje anakujibu alikuwepo.

Kwa darasa kubwa huwezi kumfikia kila mmoja, waweke wawiliwawili, mmoja anasoma sentensi yake ya kwanza mwenzake anamuuliza umejuaje mara tatu, kila jibu linaandikwa, af wanabadilishana. Kelele zitakuwepo, waache waongee.