Je, ni haramu wakulima kukubaliana wasiuze mazao chini ya gharama?

SWALI: Assalamu alaykum shehe. Mimi ni mkulima mdogo, mbegu nanunua, palizi nalipa vibarua, na hela ya mbolea nimekopa kwa dalali kwa sharti kwamba mavuno nimuuzie yeye kwa bei yake. Bei yenyewe hairudishi hata nilichotumia. Tukakaa wakulima tukakubaliana asiuze mtu chini ya gharama, mwenye uwezo aweke ghalani kwanza. Ustadhi mmoja katuambia ni haramu, eti bei anapanga Allah na kuhodhi chakula ni dhambi. Ni kweli?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Swali lako limeniuma, maana hii hoja naisikia sana siku hizi na kila ikitajwa anayeumia ni mkulima tu, dalali hata siku moja haimgusi.

Hadithi ya ustadhi ni sahihi, ni ya sahaba Anas, wameipokea maimamu wa hadithi Abu Daud na Tirmidhi, lakini aisome yote. Bei zilipanda Madina, watu wakamwendea Mtume (s.a.w) wakitaka awapangie bei, akakataa, akasema Allah ndiye mpangaji wa bei na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake pasiwe na mtu anayemdai dhuluma ya damu wala ya mali. Sasa jiulize, hapo aliyelindwa ni nani? Ni muuzaji, asilazimishwe kuuza kwa bei asiyoiridhia. Leo mtu anaichukua hadithi hiyohiyo anamziba nayo mdomo muuzaji! Tena wanunuzi wakishakaa wakapanga bei moja kabla hata hawajafika shambani, hao haambiwi mtu kwamba kaingilia kazi ya Allah, ila mkulima akisema hapana ndo anakumbushwa tawhidi. Mwanachuoni Ibn Taymiyya kwenye kitabu chake cha Hisba, yaani usimamizi wa soko na maadili, kasema wanunuzi wakila njama ya kuvunja bei za bidhaa za watu wazuiwe, na wauzaji wakila njama ya kuwakamua watu nao wazuiwe. Kwa hiyo makubaliano yenu yakiishia kwenye kurudisha gharama na faida ya kawaida mimi sioni ubaya, mkivuka hapo mkataka kuwakomoa walaji basi na nyie mtakuwa walewale.

Na hilo la kuhodhi ni kuchanganya mambo. Kweli Imam Muslim kapokea hadithi kwamba hahodhi ila mkosaji, lakini mwanachuoni wa fiqhi Ibn Qudama kwenye kitabu chake al-Mughni kataja masharti, la kwanza awe kakinunua hicho chakula, na anasema wazi kwamba aliyeweka mavuno ya shamba lake mwenyewe si mwenye kuhodhi. Ila watu wakifikia njaa na chakula kiko kwako, hapo utauza kwa bei ya haki hata kama ulitaka kusubiri.

Wengine wanasema sharia haiangalii gharama za mkulima. Ajabu kabisa! Zaka ya mazao yaliyonyweshwa na mvua ni asilimia 10, yaliyonyweshwa kwa kazi na gharama ni asilimia 5, sasa hiyo nusu imeondolewa kwa sababu gani kama si mzigo alioubeba mkulima?

Lakini nisikudanganye ndugu yangu, gharama yako haimfungi mnunuzi. Kama mavuno yamekuwa mengi na soko lenyewe ndo limeshuka, aliyekupa bei ya soko hajakudhulumu, hiyo ni hasara ya biashara kama hasara nyingine. Dhuluma ni kukuficha bei ya soko, kuchezea mizani, kukujazisha lumbesa halafu akalipa gunia moja. Aliyekufuata njiani kabla hujafika sokoni akakupunja, Mtume (s.a.w) kakupa hiari ukishafika sokoni ukajua bei, ukitaka unavunja mauzo. Wanaosema "si mliridhiana?" wajibu hapo, ridhaa ya mtu aliyefichwa bei ni ridhaa gani?

Kinachonitisha zaidi kwako ni ule mkopo, na ustadhi hakuugusa kabisa. Mtume (s.a.w) kakataza mkopo na mauzo kufungwa pamoja, na hapa dalali anakukopesha ili ajipatie bei ya chini, yaani riba imevaa kanzu. Sharti hilo halikufungi, ila deni la hela uliyochukua linakufunga, mlipe kamili usije ukafanya fatwa hii kisingizio cha kumdhulumu. Nenda na wazee wawili, mwambie hela yako hii hapa, mazao nauza nitakapopata bei, na yeye akitoa bei nzuri karibu. Na kama huna hela kwa sasa omba muda mpaka uuze, na muda huo usiongezewe hata senti.

Msimu ujao ukikwama tafuta mtu mfanye salam: akulipe bei yote taslimu mwanzoni, mkubaliane kipimo, aina na tarehe ya kukabidhi, bila kufunga kwamba lazima yatoke kwenye shamba lile. Na kabla hujakubali bei andika kwenye daftari kila ulichotoa, mpaka magunia, usafiri na siku zako mwenyewe za jembe, maana wengi wenu mnaacha jasho lenu nje ya hesabu, halafu mnadhani mmepata faida.

Wallahu a'lam.