Usibomoe ukuta wa sebule kabla hujajua umebeba nini

Juzi usiku nilipata ujumbe wa msomaji mmoja. Yeye na mumewe wamenunua nyumba ya zamani Chumbageni, hapa hapa Tanga, ile aina ya miaka ya hamsini: paa la zege lililolala, baraza pana lenye kivuli, madirisha ya luva, ukuta wa matofali ya matundu upande wa jua la jioni. Wanataka sebule, meza ya chakula na jiko viwe chumba kimoja. Fundi wao amesema anaanza kubomoa Jumatatu. "Dada, nimeona picha za kwako, nataka kama zile. Nianzie wapi?"

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Picha hizo nimezipiga mwenyewe na ninajivunia kila moja. Lakini hazionyeshi usiku ambao mimi na mama tulilala barazani, tukiogopa kulala chini ya zege la nyumba yetu wenyewe.

Nyumba yetu iko Raskazone. Ilijengwa mwaka 1958, enzi ambazo mkonge ndio uliokuwa ukilisha mji huu, na marehemu baba aliinunua baadaye kutoka kwa familia iliyokuwa ikihama. Baada ya mirathi niliwalipa ndugu zangu sehemu zao, mama akabaki na mimi. Kwa hiyo nilipoanza kuota mabadiliko sikuwa naota juu ya nyumba ya mtu mwingine. Nilikuwa nimeilipia kwa miaka sita ya kujinyima.

Ndoto yenyewe niliipata kwenye simu. Nilikuwa natazama picha za nyumba za California za wakati ule ule, zile za Joseph Eichler, aliyejenga kama 11,000 hivi: ukumbi mmoja mpana, vioo hadi chini, jiko linaonana na sebule. Nikaangalia nyumba yetu, nikaona undugu. Paa limelala vile vile, mistari imenyooka vile vile. Nikasema, ukuta huu mmoja ukiondoka, nimefika.

Hapo ndipo nilipokosea, na ndipo msomaji wangu anapotaka kukosea. Nyumba zile za California paa lake limebebwa na nguzo na boriti za mbao. Kuta nyingi za ndani ni za kugawa vyumba tu, hazijabeba kitu. Yetu imejengwa kwa matofali, na zege la juu limeketi juu ya kuta hizo hizo za ndani. Kwa picha huwezi kuona tofauti. Ukuta wa sebule yangu ulikuwa umebeba zege la pande mbili kwa zaidi ya miaka sitini bila kulalamika.

Fundi niliyempata alisifiwa na watu wawili ninaowaamini. Alipiga ukuta kwa kiganja, akasema, "Huu mwepesi, siku mbili tu." Nikampa nusu ya fedha. Sikutafuta mhandisi kwa sababu niliona ni gharama ya bure. Ninaandika sentensi hiyo na uso unanichoma.

Siku ya pili, saa nane mchana, nikiwa kazini, mama alinipigia. "Mwanangu, njoo. Nyumba inalia." Nilipofika, tundu lilikuwa na upana wa kama mita mbili, na juu yake ufa umekimbia kutoka kona hadi kona, unaingiza sarafu. Kila baada ya dakika chache ulisikika mlio mdogo, kama mtu anavunja kijiti. Fundi alisema anakwenda kuleta vifaa. Simu yake haijapokelewa mpaka leo.

Aliyetuokoa ni mzee jirani, mwashi mstaafu. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, akatazama juu, akasema, "Mtoe mama. Leteni mirunda sasa hivi." Vijana wa mtaa wakaleta mirunda kumi na moja ya mkaratusi, wakaisimamisha kwa taa za simu, ubao chini na ubao juu, wakikaza kwa kabari kila mmoja. Tulimaliza saa tano usiku. Mama alikaa barazani na tasbihi yake, hakunilaumu hata kwa neno moja.

Kaka yangu alinilaumu kwa wote. Aliandika kwenye kikundi cha familia kwamba nimetaka kumfukia mama kwa ajili ya picha za mtandaoni. Ameshakuja tangu wakati huo, amekula mezani kwangu, amesifu upepo. Maneno yale hajayarudisha, nami sijayasahau.

Mhandisi aliyesajiliwa alikuja siku tatu baadaye. Alichokonoa lipu pale ukuta unapokutana na zege, akanionyesha: hapakuwa na bimu, ile boriti ya zege inayobeba uzito wa juu. Ukuta ndio ulikuwa bimu. Ilibidi kumwaga bimu mpya, kina sentimita 45, na nguzo mbili za zege zenye msingi wake. Mirunda tuliiacha siku 28 kamili. Zege la wiki moja linaonekana gumu lakini bado halijapata nguvu yake yote, na ukitoa mirunda mapema bimu inaanza kulegea kabla haijakomaa. Gharama yote ilifika mara tatu ya niliyopanga. Kibali cha halmashauri nilikishughulikia wakati huo, nikiwa nimechelewa. Wewe kishughulikie kwanza.

Mhandisi huyo huyo alipitisha nyundo taratibu juu ya zege la upande wa bafu. Palipolia utupu alipasua, tukakuta nondo zimevimba kwa kutu. Chumvi ya bahari hufanya hivyo: nondo ikishika kutu inavimba, zege linapasuka na kudondoka vipande. Mafundi wengi wanaziba kwa lipu na rangi. Usikubali. Na kama gereji au stoo yako imeezekwa kwa asbesto, usiruhusu mtu aivunje kwa nyundo, maana vumbi lake likiingia mapafuni linaleta saratani miaka mingi baadaye. Mwite mtaalamu.

Kazi ya miezi iliyofuata sitaisimulia, ilikuwa saruji na kusubiri. Ila sakafu nataka uijue. Ukuta ulipoondoka uliacha mfereji katikati ya terazo, ile sakafu ya saruji na vipande vya mawe inayosagwa ing'ae, kwa sababu terazo ilimwagwa baada ya kuta. Watu watano walinishauri nifunike kila kitu kwa vigae. Nilikataa. Tulijaza mfereji kwa terazo nyeusi tukaisaga hadi ikang'aa, na leo kila mgeni anauliza habari ya mstari ule. Terazo ya zamani ni mali. Ukiifunika kwa vigae umeizika.

Na luva usizitoe! Wenzetu wanakimbilia madirisha ya alumini ya kusukuma, ambayo hata ukiyafungua yote, nusu ya dirisha inabaki imefungwa. Luva inafunguka karibu yote. Aliyechora nyumba hizi aliijua kaskazi na aliijua kusi. Mimi nilibadilisha fremu zilizoliwa na chumvi, vioo nikavirudisha, na tangu ukuta uondoke upepo unaingia barazani na kutokea uani.

Sasa jiko. Mama hakulitaka jiko la wazi tangu mwanzo, nami nilimjibu kama mtu aliyesoma. Wiki ya kwanza alikaanga changu wa soko la samaki la Deep Sea, harufu ikakaa kwenye makochi siku tatu. Kisha wakaja wajomba na marafiki zao bila taarifa. Mama alikuwa amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi, kanga kiunoni. Aliinuka akajifungia chumbani, na mchuzi ukaungua. Nyumba ilikuwa imemnyima mahali pa kuwa nyumbani, na aliyefanya hivyo ni mimi.

Nilimwomba radhi. Stoo ya uani nikaigeuza jiko lake la kupikia hasa, na dirisha kubwa. La ndani ni la chai na kupakulia. Kati yake na sebule tukajenga ukuta wa matofali ya matundu unaofika kifuani, upepo unapita, macho hayapiti. Kabla hujachora chochote, muulize anayepika kila siku anataka kuonwa na nani. Uliza mapema, na ukijibiwa, sikiliza.

Mdogo wangu wa Chumbageni, kama unanisoma kabla ya Jumatatu, mpigie fundi wako leo umwambie asubiri. Namba ya mhandisi nimekutumia. Akishaamua, utahitaji mirunda, na yangu kumi na moja bado iko uani, mizima. Njoo na guta uichukue.