Bloku ya kupozea prosesa kwa maji: toboa, usifunike

Bloku ni kipande cha shaba kinachokaa juu ya prosesa ya kompyuta, maji yakipita ndani yake. Nyingi za kujitengenezea huvujia kwenye kifuniko. Mfereji wa oringi (pete ya mpira ya kuzuia maji) ukizidi kina kidogo tu, mpira haubanwi. Ukipungua, kifuniko cha akriliki hupasuka bolti zikikazwa. Kama huna mashine ya kuchongea, achana na kifuniko. Toboa njia za maji ndani ya shaba yenyewe.

Kata shaba nyekundu, milimita 50 kwa 50, unene 15. Shaba ya njano haifai hapa, kwani hupitisha joto kama theluthi tu ya nyekundu. Kwa keekee ya milimita 8.5, toboa kutoka ubavu mmoja matundu matatu sambamba, vitovu vikiwa kwenye milimita 12, 25 na 38, kina 42, bila kutokea upande wa pili. Kila kitovu kiwe milimita 7.25 juu ya kitako, sakafu ibaki milimita 3. Kisha matundu mawili ya kukingama. La kushoto liwe milimita 12 kutoka ncha ya ndani, liunganishe la kwanza na la pili. La kulia liwe milimita 12 kutoka midomoni, liunganishe la tatu na la pili. Maji yataenda, yarudi, yaende tena.

Shaba hung'ang'ania chuma. Anza na keekee ya milimita 4, tia mafuta, inua kila baada ya milimita chache kutoa chenga. Keekee ikivunjikia ndani, kipande kimekwenda.

Midomo mitano ikate hesi za M10, yaani za bolti ya milimita 10 (ndiyo maana ya keekee ya 8.5), na kuizibia bolti za shaba ya njano zenye urefu wa milimita 6. Zikizidi hapo huziba makutano. Juu, toboa milimita 10 kwa bomba la kuingiza, juu ya tundu la kwanza karibu na mdomo, na la kutoa juu ya tundu la tatu kwenye ncha ya ndani. Bomba lisizame kupita dari, kama milimita 4.

Paka flaksi (dawa ya kusafisha shaba ili lehemu ishike), pasha bloku nzima kwa tochi ya gesi, lehemu kila kitu kwa mkupuo mmoja. Pasi ya kulehemu haiwezi, shaba hulimeza joto lake. Osha flaksi kwa maji ya moto, maana mabaki yake hula shaba. Halafu, siyo kabla, sugua kitako kwa msasa juu ya kioo: 400, 600, 1000. Kung'aa si hoja. Weka rula ya chuma, mwanga usipenye.

Ziba bomba moja, jaza hewa kwa pampu ya baiskeli, zamisha kwenye beseni. Povu likitoka, lehemu upya.

Usiunganishe na rejeta (kipozea maji) ya aluminiamu: ikikutana na shaba ndani ya maji yaleyale, aluminiamu huliwa. Tumia maji yaliyotoneshwa. Maji ya betri yanafaa pia, ila soma chupa vizuri, isije ikawa asidi.

Bati la kubania bloku hufuata soketi ya prosesa: kwa LGA1700 matundu yake hukaa milimita 78 kwa 78; LGA1200 ni 75 kwa 75; AM4, 54 kwa 90. Weka springi chini ya kila nati, kaza kwa kukingamisha, nusu mzunguko kila mara.