Spawn: usikimbilie namba 1

Anayeanza kukusanya majarida ya katuni ya Marekani hutafuta kwanza namba 1. Kwa Spawn, mfululizo wa shujaa aliyerudi kutoka kuzimu, hapo ndipo pesa nyingi huliwa bure. Toleo hilo la mtunzi wake, Todd McFarlane, lilitoka Mei 1992 chini ya kampuni ya Image Comics, na ziliuzwa nakala takriban milioni 1.7. Watu walinunua tano tano, wakazifungia kwenye plastiki wakingoja utajiri. Bado zipo, na nyingi ni safi kama zilivyotoka kiwandani. Muuzaji akikuapia kwamba ni adimu, mwachie aendelee kuitunza.

Iliyo adimu kiasi ni nakala ya namba hiyohiyo iliyouzwa kwenye vibanda vya magazeti. Dalili yake ni msimbopau (barcode) kwenye jalada la mbele, ambao nakala za maduka ya katuni hazina. Wanunuzi wa vibandani walikuwa wasomaji wa kawaida: jarida lilikunjwa, likawekwa mfuko wa nyuma, likatupwa. Ndiyo maana iliyo safi ni kazi kuipata. Usiitumie dalili hii kwa matoleo ya miaka ya baadaye, maana hata nakala za maduka ya katuni zilikuja kuwekewa msimbopau.

Na kwa nini watu wamng'ang'anie huyu Spawn mwenye joho jekundu? Ni kwa sababu nguvu zake zina bei. Kabla ya kuwa Spawn alikuwa Al Simmons, askari aliyeuawa na mabosi wake mwenyewe, naye anaafikiana na Malebolgia, mtawala wa kuzimu, ili amwone tena mkewe Wanda. Anarudi baada ya miaka 5, mwili umeungua, na Wanda ameolewa na rafiki wa karibu wa Al na wana mtoto. Juu ya hayo amepewa kipimo cha nguvu kinachoanzia 9:9:9:9. Kila akitumia nguvu kinashuka, na kikifika sifuri anarudi alikotoka. Kwa hiyo analala vichochoroni New York na watu wasio na makazi, akijibana kama mtu aliyebakiwa na salio dogo. Ni shujaa asiye mwema, lakini msomaji anamhesabia kila pigo.

Ukitaka kununua kwa akili, anza na namba 9 ya Machi 1993. Humo mhusika Angela anaingia kwa mara ya kwanza, katika hadithi iliyoandikwa na Neil Gaiman. Gaiman na McFarlane walifikishana mahakamani kuhusu haki za wahusika wa toleo hilo, na mwaka 2013 Angela akatokea kwenye majarida ya kampuni ya Marvel. Matokeo yake, jarida moja linatafutwa na kambi mbili, ya Spawn na ya Marvel. Namba 174 nayo ina mhusika Gunslinger Spawn, na kwa ujumla matoleo ya miaka ya 2000 yalichapishwa nakala chache mno kuliko ya mwanzo. Kwa maoni yangu huko ndiko kwenye uwindaji wa kweli, ingawa wengi hupapita wakidhani ni mabaki.

Namba 4 ina mtego. Ndani yake kulikuwa na kuponi ya kuagizia Image namba 0, na wengi waliikata. Jalada litang'aa, ndani kuna pengo, na thamani imeanguka. Omba picha ya ukurasa wa kuponi kabla ya kutuma pesa.

Majalada ya Spawn yana weusi mwingi, na weusi hausamehe. Kagua mgongo wa jarida kwenye mwanga wa ubavuni, karibu na pini: vijistari vyeupe maana yake wino umekatika, na hapo hakuna dawa. Kibonyeo ambacho hakijavunja rangi kinaweza kunyooshwa na fundi mwenye mashine ya kukandamiza. Pasi ya nyumbani usiithubutu.

Kwa kuhifadhi, mfuko wa plastiki wa ukubwa wa kisasa ni takriban sentimita 17.5 kwa 26.7, pamoja na kadi ngumu isiyo na asidi, upande unaong'aa ukielekea jarida. Mifuko ya polipropilini ni ya bei nafuu lakini hubadilishwa kila baada ya miaka michache; ya Mylar, plastiki ya poliesta, hudumu zaidi. Gundi ya selotepu inayofunga mfuko ikigusa jalada wakati wa kulitoa itang'oa rangi, kwa hiyo bandua selotepu yote kwanza.

Yaweke wima ndani ya boksi, yasilegee wala yasibanane, mbali na jua na sakafu. Unyevu ubaki kati ya asilimia 40 na 50. Kwa aliyeko Mombasa, Tanga au Dar es Salaam hiyo ni vita ya mwaka mzima: pini hushika kutu, kutu hula karatasi, na madoa ya kahawia hufuata. Nunua kipima unyevu kidogo, weka pakiti za silika ndani ya boksi lenye mfuniko unaobana, na uzibadilishe zikishashiba maji.