Kilomita 20 na rolex nne: nimefanya mara mbili hapa Kampala, haya ndo niliyoyaona

Dada yangu uliyeuliza jana kwamba kazini kwenu mmepanga shindano la kukimbia kilomita 20 na njiani kuna vituo vinne, kila kituo unamaliza rolex nzima (chapati iliyoviringishwa na mayai), yote ndani ya masaa matatu, ukitapika umetoka, na unataka kujua ule vipi na ukimbie vipi. Mimi hilo hilo nimelifanya mara mbili, sisi tulikuwa watu tisa, tulianzia Ntinda tukapita Bukoto, Kamwokya, Wandegeya tukazunguka mpaka tukarudi tulikoanzia, vituo kilomita ya 4, ya 8, ya 12 na ya 16. Mara ya kwanza niliishia kilomita ya 14. Mara ya pili nikamaliza kwa masaa mawili na dakika 51. Kwa hiyo nakwambia vyote, kilichoniangusha na kilichonifikisha.

Kwa wale wa Dar na Mombasa, rolex ya huku ni mayai mawili yanakaangwa na vitunguu, nyanya na kabichi halafu yanaviringishwa ndani ya chapati. Chapati yenyewe imekaangwa na mafuta, mayai yamekaangwa na mafuta, sasa zidisha mara nne. Hapo ndo tatizo lilipo. Mafuta ndo yanayokaa tumboni muda mrefu kuliko chochote, na ukikimbia damu inaenda kwa misuli ya miguu, tumbo linabaki na damu kidogo, kwa hiyo kazi yake inakuwa polepole zaidi. Rolex ya pili inaikuta ya kwanza bado ipo, ya tatu inazikuta mbili. Watu wengi hawaelewi hii, wanajiandaa miguu tu, tuko nchi ya wakimbiaji wakubwa kina Cheptegei na Kiplimo basi kila mtu akisikia mbio anawaza spidi. Kwa shindano hili miguu haitakuangusha, kama unaweza kukimbia kilomita 15 mwenyewe Jumapili bila shida basi miguu unayo.

Kosa langu la mara ya kwanza lilikuwa hivi. Nilifika kituo cha kwanza nahema kama nimekimbizwa, nikaikamata rolex ya moto nikaila kwa dakika tatu, nikashushia soda, nikatoka mbio kuliko wote. Nikajiona mjanja kabisa. Kilomita iliyofuata nikaimaliza kwa dakika 11, manake kichomi kilinikamata ubavuni upande wa kulia mpaka nikawa natembea nimejishika, soda inataka kutoka, hewa imejaa. Jamaa mmoja mtu mzima, dereva wa lori, alikaa pale kibandani dakika saba anatafuna taratibu, akanipita kabla hata sijafika kilomita ya 6, na hakuwa anakimbia haraka, alikuwa anaenda tu. Kituo cha pili nikarudia vilevile kwa sababu nilitaka kumfikia, cha tatu nikala kwa kulazimisha, halafu kulikuwa na mlima mbele, nikaupandisha kwa nguvu, juu pale nikatapika kila kitu kando ya barabara. Mchezo ukaishia hapo.

Jambo kubwa nililojifunza na ndo nataka ulishike kuliko mengine yote: muda haupotei ukiwa umekaa unakula, unapotea kwenye kilomita ya kwanza baada ya kula. Mimi niliokoa dakika nne mezani nikapoteza dakika nne na zaidi barabarani, na bado tumbo likazidi kuharibika kila kituo. Kwa hiyo ukifanya mazoezi usipime umekula kwa dakika ngapi. Pima tangu unaikamata rolex mpaka unamaliza kilomita inayofuata, yote kwa pamoja, halafu jaribu namna tofauti. Mimi nilijaribu kula kwa dakika 3, 5, 7 na 10. Nzuri kwangu ikawa 6 mpaka 7, zaidi ya hapo mwili unapoa na unaanza kusikia usingizi, chini ya hapo ni kichomi. Wewe yako inaweza kuwa tofauti, ipime.

Na kituo hakianzii kituoni. Mita 500 kabla punguza mwendo, mia mbili za mwisho tembea. Ukifika ukiwa bado unahema unameza hewa pamoja na chakula, na ile hewa ndo inakuvimbisha, tena ni hatari maana mtu anayehema anaweza kupaliwa. Kipimo changu ni rahisi, nikiweza kumwambia muuzaji sentensi nzima bila kukata pumzi basi naweza kula. Tafuna mpaka iwe laini kabisa, maji ni mafundo madogo madogo kati ya matonge, usijaze kikombe ukashushia. Soda achana nayo kabisa, hata ile ya tangawizi ambayo watu wanadhani ni dawa, gesi ni gesi. Ukimaliza usikimbie na tonge mdomoni hata kama mwenzako anaondoka, maliza, beua, tembea dakika mbili au tatu halafu ndo uanze kukimbia polepole. Mteremko pia uangalie, watu wanaogopa milima tu lakini kushuka na tumbo limejaa ndo kunatikisa zaidi, shuka kwa hatua fupi fupi. Na Kampala huwezi kukwepa, kila upande kuna kilima.

Sasa rolex yenyewe. Someni masharti yenu vizuri, kama hayakatazi kuchagua namna ya kukaangwa basi chagueni. Mimi mara ya pili nilipita kwa wauzaji wote wanne siku moja kabla, nikaongea nao kwa heshima, "ssebo (yaani bwana), kesho asubuhi nakuja na watu tisa, mayai yaive kabisa, mafuta kidogo, kabichi usiweke, kitunguu kidogo", nikaacha na hela ya advansi kwa mobile money. Kabichi mbichi na kitunguu kingi ni gesi. Mayai yaliyoiva kabisa ni kwa usalama pia, siku ya kwanza kuna kibanda walituletea mayai bado yanateleza na chapati ya jana, wawili kati yetu waliharisha mpaka Jumatatu. Na kuagiza mapema kunaokoa muda mwingi kuliko mbio zote, manake mkifika watu tisa kwa mpigo na sufuria ni moja, wa mwisho anasubiri hata dakika 20, hiyo sio haki kwa mtu aliyefundisha mwili wake miezi miwili. Hata nyie waandaaji mfikirie hilo, muwe mnahesabu muda mtu anaposhika chakula, au vibanda viwe viwili kila kituo. Pia ikae ipoe kidogo. Rolex ya moto hata ukitaka kula haraka huwezi, na ikipoa sana chapati inakuwa ngumu kama mkeka, kuitafuna ni kazi. Vuguvugu ndo yenyewe. Mimi naifungua, naikata vipande, nakula vipande, haijai mdomoni.

Kuna mtu alichangia akasema afadhali kula njiani kwa sababu chakula kinakupa nguvu ya kukimbia. Hapo inategemea shindano. Kwa makadirio ya kawaida mtu anachoma kama kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, yaani mtu wa kilo 70 akienda kilomita 20 ni kama 1,400. Angalia lile shindano la wanafunzi wa chuo kikuu kule Raleigh, Marekani, wanaita Krispy Kreme Challenge, lilianza 2004, unakimbia maili mbili na nusu, unakula donati 12, unarudi maili mbili na nusu, yote ndani ya saa moja. Donati zile 12 ni kalori kama 2,400 na mbio zote ni kilomita 8, huyo wa kilo 70 anachoma 560 hivi. Pale chakula ni mzigo tu, hakikusaidii chochote, wanaoshinda wanazikandamiza donati zitoke hewa zipungue ukubwa. Lakini kuna lingine Denver, Taco Bell 50K, kilomita 50 na unapita kwenye migahawa kumi ya Taco Bell na lazima ule kwa tisa, ndani ya masaa 11. Huko mwili kweli unahitaji chakula, na mwendo ni wa polepole kiasi kwamba tumbo linapata nafasi, na bado watu wanalia. Lenu la kilomita 20 liko katikati ila liko karibu zaidi na la donati. Kwa hiyo usiongeze chochote juu ya zile rolex, hakuna jeli, hakuna bogoya (ndizi mbivu) ya njiani, hakuna glukosi. Ila maji yenye chumvi kidogo au ORS (ile chumvi ya pakiti ya mtu aliyeharisha) ndo ndiyo, hasa jua likitoka, kwa sababu ukinywa maji matupu mengi mno unajaza tumbo na unapunguza chumvi ya mwili, na hiyo ikizidi inaweza kukuangusha kweli.

Mazoezi. Wiki nane zinatosha kama tayari unakimbia. Tumbo linafundishika kama misuli, ila linafundishwa taratibu. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nakula nusu rolex, natembea dakika tatu, nakimbia kilomita 4. Baadaye nzima moja. Wiki ya tano nikaweka mbili na kilomita 4 katikati, wiki ya sita tatu. Nne zote sikuzila mpaka siku yenyewe na sikukuta shida. Mara moja kwa wiki tu, siku nyingine kula chakula cha kawaida, matooke, maharage, mboga, usije ukajiharibu kwa mafuta miezi miwili. Wapo wanaokushauri unywe lita nyingi za maji kwa mpigo ili tumbo lipanuke, tafadhali usifanye, ni hatari na halikusaidii kukimbia.

Siku yenyewe usifunge. Mtu anakuja na njaa ya tangu jana, rolex ya kwanza anaimeza kama ngumi. Mimi nilikunywa kikombe kimoja cha uji mwepesi saa kumi na moja, tukaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumapili, bodaboda ni chache, hakuna joto na hakuna moshi wa matatu, na wauza chapati tayari wameshawasha majiko. Kilomita 4 za kwanza ndo za kutafuta muda kidogo maana tumbo ni jepesi, ila kidogo tu, nilienda kwa dakika 6 na nusu kwa kilomita, baadaye nikakaa kwenye saba na kidogo. Kilomita 4 za mwisho, baada ya rolex ya nne, usipange kukimbia zote, mimi niliweka akilini natembea dakika moja kila tano na nikaona nimeendelea vizuri kuliko waliokuwa wanajikaza. Jua pia vyoo viko wapi, vituo vya mafuta vingi wanaruhusu ukiomba vizuri.

Usimeze brufen, ile dawa ya maumivu, kabla wala njiani, kukimbia na ile dawa kunachubua tumbo. Mwenye vidonda vya tumbo, sukari, presha ya moyo au mjamzito asiingie, aje ashike saa na kuandika muda, ni kazi muhimu vilevile. Na mtu akiumwa kifua, akiona kizunguzungu au akitapika damu, aende hospitali moja kwa moja, mtafuteni mtu wa kukaa na pikipiki nyuma yenu tangu mwanzo.

Wewe tuandikie njia mtakayopita na vituo viko wapi, kama kuna kituo kiko chini ya mlima nakushauri mkihamishie juu kabla hamjatangaza. Na kama ni Jumapili mimi niko Ntinda, naweza kuja kusimama kilomita ya 16 na maji.