Kuogopa kaburi si dalili ya imani ndogo

Pole sana, dada yangu. Umeuliza kama kukosa usingizi kwa kuogopa adhabu ya kaburi, tangu mama afariki, ni dalili ya imani ndogo. Hapana. Sayyidna Uthman bin Affan, khalifa wa tatu, imepokewa kwamba akisimama penye kaburi alikuwa akilia mpaka ndevu zinalowa. Nani atasema imani yake ilikuwa ndogo?

Mimi nilishuka kaburini kumpokea babu. Tulimlaza kwa ubavu wa kulia ndani ya mwanandani, lile shimo dogo la ndani ya kaburi anamolazwa maiti, tukafungua sanda usoni, shavu likagusa udongo, kisha tukapanga mbao. Harufu ya kafuri, manukato anayotiwa maiti, ilibaki mikononi mwangu hadi usiku, na kwa miezi kadhaa nililala taa ikiwaka.

Kilichonisaidia ni aya ya 53 ya Suratuz-Zumar, inayowaambia waliojidhulumu nafsi zao wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Mawaidha mengi tunayosikia ni ya nyoka na moto tu, na hii haitajwi vya kutosha. Isome kabla ya kulala, kisha muombee mama. Dua ya mtoto mwema inamfikia mzazi.