Kabla hujamnunulia mtoto viatu vya barafu: kwa wazazi wageni Kanada

Mtoto akishaanza shule huku, haupiti muda anakuja na ombi: anataka kucheza hoki ya barafu, maana darasa zima linacheza. Jirani atakuunga mkono, mfanyakazi mwenzako pia, na wote watakwambia hoki ndiyo njia fupi ya mtoto kuwa Mkanada. Sisemi umkatalie. Wangu wawili wamecheza, na mmoja bado anacheza. Ila yapo mambo ambayo wenyeji wameyajua tangu utotoni na hawaoni haja ya kuyasema, na sisi tuliokulia Mombasa, Tabora au Bukavu hatuna wa kutudokeza.

Kinachonitia wasiwasi kwenye hoki si barafu wala fimbo. Ni ukimya. Mtoto anafundishwa mapema kwamba timu kwanza, yeye baadaye. Kwamba aliyeumia anajikaza na kurudi uwanjani. Kwamba ya chumba cha kubadilishia nguo hayatoki nje. Mzazi wetu akisikia hayo anafurahi, maana ndiyo malezi aliyoyapata: mkubwa hajibiwi, mwalimu hakosei, aibu haianikwi barabarani. Ongeza na ile shukrani ya mgeni anayeogopa kuonekana msumbufu. Tunamkabidhi kocha mtoto kisha tunakaa kimya kwenye viti vya baridi na chupa ya chai. Kwa hiyo naona sisi tuko hatarini kuliko wenyeji.

Jua yaliyotokea. Graham James alikuwa kocha wa vijana Swift Current, mji mdogo wa Saskatchewan, na sifa zake zilivuma. Mwaka 1997 alifungwa miaka 3 na nusu baada ya Sheldon Kennedy, aliyekuwa mchezaji wake, kueleza jinsi alivyomdhalilisha kingono tangu ujana wake. Wengine walijitokeza baadaye, akiwemo Theo Fleury, nyota wa NHL, ligi kuu ya hoki ya kulipwa. Angalia mazingira yaliyomwezesha: kwenye ligi za juu za vijana, mtoto wa miaka 16 anaweza kuhamia mji mwingine kukaa kwa familia asiyoijua, na kocha ndiye anayeamua nani acheze na nani aonekane na wasaka vipaji. Maisha yote ya kijana yako mkononi mwa mtu mmoja.

Usidhani ni habari za zamani. Mwaka 2010 viongozi wa Chicago Blackhawks, klabu ya NHL, waliarifiwa kwamba kocha wao wa kuchambua video za mechi, Brad Aldrich, anadaiwa kumdhalilisha mchezaji kijana. Ilikuwa katikati ya mbio za ubingwa. Zilipita wiki tatu hivi, kombe likachukuliwa kwanza, na Aldrich akashangilia nalo kama wengine. Kisha akaachiwa aondoke bila kelele, na baadaye akatiwa hatiani Michigan kwa kosa la kingono dhidi ya mwanafunzi wa sekondari. Mchezaji yule, Kyle Beach, alijitaja hadharani Oktoba 2021, siku moja baada ya ripoti ya wachunguzi kutoka. Klabu ilitozwa faini ya dola milioni 2.

Kisha ikaja zamu ya Hockey Canada, shirika lenyewe linalosimamia mchezo huu. Mwaka 2022 ilijulikana kwamba lilikuwa na mfuko unaotokana kwa sehemu na ada za usajili, ada hizi hizi tunazolipa mimi na wewe, na kwamba tangu 1989 mfuko huo ulishalipa dola milioni 7.6 kumaliza madai 9 ya udhalilishaji wa kingono. Sehemu kubwa ilikwenda kwa walioumizwa na James. Oktoba mwaka huo mtendaji mkuu na bodi nzima wakaondoka. Madai yaliyoamsha yote hayo, ya udhalilishaji wa kingono mwaka 2018 mjini London, Ontario, yalifika mahakamani na wachezaji watano walioshtakiwa wakaachiwa huru Julai 2025. Haki inataka hilo nalo lisemwe. Lakini suala la mfuko halikuwa kwenye kesi hiyo.

Sasa, waliosoma bweni hawahitaji maelezo marefu kuhusu mateso ya mwanafunzi mpya. Kenya aliitwa mono, Tanzania njuka, na aliyeteswa mwaka huu alingoja mwakani atese. Hoki ya vijana ina yake. Akim Aliu, aliyezaliwa Nigeria na kukulia Ukraine kabla ya kuja Kanada, alikuwa na miaka 16 akichezea timu ya vijana ya Windsor, Ontario, mwaka 2005 alipokataa kuvua nguo na kusongamana na wachezaji wapya wenzake kwenye choo cha basi la timu. Siku chache baadaye, mazoezini, mchezaji mkubwa wa timu yake alimpiga na fimbo mdomoni na kumng'oa meno. Ni Aliu huyo huyo aliyesema mwaka 2019 kwamba kocha Bill Peters alimtolea tusi la ubaguzi miaka kama kumi nyuma, kisa muziki ambao Aliu alikuwa anaupiga kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Peters, wakati huo kocha wa Calgary Flames, alijiuzulu.

Basi wewe ufanyeje?

Kabla ya usajili, mikoa mingi itakutaka ufanye somo fupi la mtandaoni kuhusu heshima michezoni. Usibofyebofye ili limalizike tu. Limetoka kwenye kampuni ambayo Kennedy ni mmoja wa waanzilishi wake, na limezaliwa na machungu. Kisha soma kanuni za chumba cha kubadilishia nguo. Tangu msimu wa 2023 watoto wanatakiwa kuingia na kutoka wakiwa na nguo za ndani za michezo, na watu wazima wawili waliopata mafunzo na kukaguliwa wawe ndani au mlangoni. Simu za kupiga picha humo haziruhusiwi. Siku ya kwanza muulize meneja wa timu, kwa upole kabisa: hao wawili ni nani? Akibabaika, hapo una jambo la kufuatilia. Na kocha, hata awe mtu wa watu namna gani, hampeleki mtoto wako nyumbani peke yake wala kumwandikia ujumbe wa faragha usiku. Hapa ndipo heshima yetu inapotuponza, maana kocha akijitolea kumrudisha mtoto tunamshukuru na kumpa sambusa.

Kwenye gari usianze na "mmeshinda?" Muulize leo nani alichekwa. Watoto husema ya mwenzao kabla ya kusema yao, na ukisikiliza bila kupandisha sauti, yao yatakuja, labda wiki ijayo. Ongeeni Kiswahili, hata kama chake kimeanza kulegea. Kile kidogo alichobaki nacho ni mlango ambao wenzake wa timu hawana ufunguo wake.

Mtoto akitukanwa kwa rangi yake, kanuni ipo: tangu 2021 ubaguzi una kifungu chake cha adhabu, na anayekutwa na kosa hilo hutolewa nje. Tatizo ni kwamba refa lazima asikie, na mara nyingi hasikii. Mwanangu alipotukanwa na mpinzani, kocha wetu alisema "hiyo ndiyo hoki, akaze moyo." Niliandika barua pepe kwa ligi usiku ule ule: tarehe, uwanja, kipindi cha mchezo, namba ya jezi. Nikajibiwa. Timu nyingi zina desturi ya kumzuia mzazi asimkabili kocha mpaka saa 24 zipite baada ya mechi. Desturi nzuri, kwa mzazi anayelalamika mwanawe kakalishwa benchi. Kwa tusi la ubaguzi au mkono uliogusa pasipostahili haikuhusu, yeyote atakayekutajia.

Kuhusu ngumi na kugongana: kwa watoto wa miaka 11 na 12 kumgonga mpinzani kwa mwili kuliondolewa mwaka 2013, na ngazi za chini karibu popote hakuna. Kwenye televisheni mtoto ataona mabaunsa wa NHL wakizichapa na kupewa dakika 5 za kukaa nje, kisha wanarudi. Mwambie habari za Derek Boogaard, aliyekuwa mmoja wao, aliyekufa mwaka 2011 akiwa na miaka 28, na ubongo wake ukakutwa umeharibika kwa mapigo.

Pesa pia hufunga mdomo. Timu za kusafiri hula maelfu ya dola kwa msimu, na aliyelipa kiasi hicho huvumilia asiyopaswa kuvumilia. Anzia ligi ya mtaani, nunua vifaa vya mtumba, omba msaada kwa KidSport au Jumpstart, mashirika yanayosaidia familia kulipia michezo ya watoto.

La mwisho, maana huulizwa kwa kunong'ona: kumlalamikia kocha hakugusi karatasi zako za ukaazi. Malalamiko ya unyanyasaji yana ofisi huru ya kuyapokea, nje ya klabu. Likiwa jambo la kingono, usianze na klabu kabisa. Piga simu polisi au ofisi ya ulinzi wa watoto ya mkoa wako, omba mkalimani wa Kiswahili, na uandike jina la aliyekupokea.